Filamu ya Mapanki na Furu Wasioonekana

Ukiitaja filamu ya Hubert Sauper kwa jina lake, Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin, wachache hapa Mwanza watakuelewa. Sema tu "ile filamu ya mapanki", na papo hapo kila mtu ana neno, hata yule ambaye hajaiona. Mapanki, kwa msomaji aliye mbali na ziwa, ni vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya kiwanda kuondoa minofu ya kupeleka Ulaya. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 katika tamasha la Venice. Mwaka 2006 ikapata tuzo ya César huko Ufaransa na kuteuliwa kuwania Oscar. Kwetu ilipata umaarufu wa namna nyingine. Mwaka huohuo wa 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na watu wa Mwanza wakaandamana kuipinga.

Nimeitazama mara tatu. Mara ya kwanza niliitazama kwa uchungu wa mwenyeji anayeonyeshwa uchafu wa nyumba yake na mgeni. Mara ya pili nilishika kalamu, kama nilivyozoea kusahihisha insha za wanachuo. Mara ya tatu niliitazama pamoja na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, na makala haya yanatokana na mara hiyo. Ilipokwisha alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza: "Mkuu, na hao samaki waliokufa wenyewe wako wapi?"

Swali hilo ni zito kuliko lilivyo jepesi kulitamka. Filamu imejipa jina la Darwin, na haki ya kulitumia jina hilo katika ziwa letu inatoka kwa samaki mmoja tu, naye si sangara. Inatoka kwa furu. Wajaluo humwita fulu, Waganda humwita enkejje na tangu zamani humkausha wakamfanya dawa ya watoto wenye surua. Sisi tuliozaliwa Ukerewe tulimvua kwa ndoano ndogo tukiwa watoto, tukamla akiwa amekaushwa juani, na tukamdharau, maana ana mifupa mingi na mwili wake haumfikii mtu kiganja. Alikuwa samaki wa watoto na wa maskini. Ndani ya dharau hiyo ulijificha utajiri ambao wataalamu wa dunia nzima walikuja kuushangaa: aina zipatazo 500, takriban zote zisizopatikana mahali pengine popote. Katika miaka ya 1970, kati ya kila kilo kumi za samaki waliokuwa ziwani, takriban nane zilikuwa za furu.

Wala hawakuwa samaki mmoja aliyevaa nguo tofauti. Kulikuwa na furu wanaoparua mwani juu ya mawe, na furu wenye taya nene za kuvunjia konokono. Wengine hawakuvunja bali walimchokoa konokono kutoka ndani ya gamba lake. Walikuwapo wala-uduvi, wala-wadudu, wala-tope, na wanaokwangua magamba ya samaki wenzao. Walikuwapo hata waliowavizia akina mama. Jike wa furu huyaatamia mayai na vitoto ndani ya kinywa chake, na kuna aina zilizojifunza kumlazimisha ayateme ili ziyale. Kila kazi ilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na meno yaliyochongwa kwa kazi yake. Yote hayo yalitokea ndani ya ziwa ambalo, kwa ushahidi wa mashapo ya chini yake uliotangazwa mwaka 1996, lilikuwa limekauka miaka kama 15,000 iliyopita. Miaka 15,000, kwa hesabu ya maumbile, ni kama juzi jioni.

Haya ndiyo yaliyopotea. Makadirio yanasema aina 200 hivi, labda zaidi, zilitoweka katika muda usiozidi miaka kumi na mitano, nyingine kabla hazijapewa jina. Sasa tazama filamu, yenye dakika 107, uone zimepewa nafasi gani.

Kabla sijalaumu, nitatoa haki. Sauper ana jicho. Rubani wa ndege ya mizigo anayesimulia, kwa sauti iliyochoka, alichowahi kupeleka Angola na matunda aliyopakia akirudi Ulaya ni mtu ambaye huwezi kumsahau. Mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale yenye sumu, anayelinda taasisi ya uvuvi kwa ujira wa dola moja kwa usiku, anazungumza kwa utulivu unaotisha kuliko kelele. Wanawake wanaoanika mapanki kwenye chanja, miguu ndani ya matope na funza, hawakuigizwa. Waliosema kwamba mahali kama pale hapakuwapo walikuwa wanailinda heshima ya mji na si ukweli. Mtu asiniambie kwamba filamu hii ni uongo mtupu.

Lakini kosa lake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba haizami majini. Kamera inapanda ndege, inaingia kiwandani, inaingia baa, inakwenda kisiwani, inalala na watoto wa mitaani, majini haiingii. Ziwa limekuwa pazia la nyuma. Habari za ikolojia zinaletwa ndani ya ukumbi wa mkutano, kwenye picha wanazoonyeshwa wajumbe. Mjumbe mmoja analalamika kwamba picha hizo zinaonyesha mabaya tu, sisi watazamaji tunamcheka, kisha tunatoka ukumbini na ziwa linaachwa mlemle. Nadhani Sauper hakuona kwamba kicheko kile kilimhusu na yeye. Mjumbe hakutaka kuyatazama maji kwa sababu ya sifa ya nchi. Mtengenezaji filamu hakuyatazama kwa sababu alikuwa ameshapata mfano wake. Samaki mkubwa amewameza wadogo. Nchi kubwa zimezimeza ndogo. Mfano umekamilika, na mfano ukishakamilika hauhitaji tena kujua furu aliishije.

Hapo ndipo historia inapopindishwa bila mtu kusema uongo. Filamu inatueleza juu ya jaribio la kisayansi la miaka ya 1960, ndoo moja ya samaki, na balaa lililofuata, kama hadithi ya jini aliyetolewa chupani. Mambo yalikwenda kwa njia iliyopinda zaidi, nami naona ya kutisha zaidi. Sangara alichukuliwa Ziwa Albert na kutiwa katika Ziwa Victoria upande wa Uganda kimyakimya mwaka 1954, na watu wa idara ya uvuvi, wakati ubishi juu ya kumleta haujakwisha. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika kuonya kwamba samaki huyu asiingizwe. Alikuwa akifunga zizi ambalo fisi alikwisha kuingia. Mwaka 1962 na 1963 wakatiwa wengine, safari hii kwa idhini. Halafu kwa miaka mingi halikuonekana jambo kubwa. Mlipuko ulianza upande wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, ukafika ghuba yetu ya Mwanza katikati ya miaka ya 1980.

Katika muda huo wa kati, wakati sangara bado ni tetesi, nani alikuwa akiwamaliza furu katika Ghuba ya Mwanza? Sisi wenyewe. Tangu mwaka 1973 meli ndogo za kukokota nyavu zilianza kazi hapa, na mwaka 1976 kikajengwa kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha kuku. Tani kwa tani zilipakuliwa kila siku. Samaki ambaye jike wake hutaga mayai machache na kuyalea kinywani hawezi kushindana na nyavu za namna ile, kama ambavyo baadaye hakuweza kushindana na sangara atagaye mayai kwa mamilioni. Watafiti waliona mavuno yakipungua kabla sangara hajafurika. Jambo hili filamu hailisemi, na naelewa kwa nini: halina Mzungu wa kulaumiwa wala ndege ya kupiga picha. Lina kuku tu, na watu wa hapa waliokuwa na nia njema ya maendeleo. Mkosoaji akinituhumu kwamba nawaondolea mabeberu mzigo, nitamwambia arudi asome tena sentensi ya mwaka 1954.

Kuna kitabu kinachofanya kazi ambayo filamu iliikwepa. Mwandishi wake ni Tijs Goldschmidt, mwanabiolojia Mholanzi aliyekuwa katika kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden lililoanza kazi Mwanza mwaka 1977. Kitabu kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 1994, na tafsiri yake ya Kiingereza, Darwin's Dreampond, mwaka 1996. Mmoja anaona jinamizi, mwingine bwawa la ndoto. Ajabu ni kwamba mwenye bwawa la ndoto ndiye aliyehuzunisha zaidi. Goldschmidt alikuja kuwahesabu furu, na wakati anawahesabu wakawa wanatoweka mikononi mwake. Kazi ya kuwaainisha viumbe hai ikageuka kuwa kazi ya kuandika tanzia.

Nguvu ya kitabu hiki ni uvumilivu. Anaweza kukaa kurasa nyingi kwenye taya, kwenye jino, kwenye doa la njano lililo juu ya pezi la dume linalofanana na yai, na msomaji asichoke, kwa sababu anaona jinsi kitu kidogo kinavyofanya kazi. Ukifika mahali anapokuambia kwamba aina fulani haionekani tena nyavuni, unajua kilichoondoka: si "samaki", bali mwenye kazi fulani, ambaye kazi yake haina wa kuirithi. Kwa muda wote niliofundisha walimu nilisisitiza kwamba mtoto hawezi kulia juu ya takwimu. Goldschmidt alilijua hilo bila kufundishwa na mtu.

Hata hivyo nacho nina neno nacho. Ni kitabu cha mtu aliye mashuani. Mwanza yake ni ya mgeni mcheshi mwenye tiketi ya kurudi. Wavuvi na wauza samaki wanapita kama watu wa pembeni, na huwaoni usiku wakihesabu fedha ya karo. Filamu, ambayo haikumjali furu, iliwajali watu hao angalau kwa kuwatazama usoni. Ningeweza kuvishona vitu hivi viwili kimoja, ningekuwa na kazi ninayoitaka.

Na kitabu kilitoka mapema mno kujua jambo moja ambalo naliona ndilo kiini cha habari yote. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake wawili walitangaza kwamba furu hawakuliwa tu, walipofushwa pia. Katika ziwa hili aina mbili zinaweza kuishi kwenye mwamba mmoja zikitofautiana hasa kwa rangi za madume, na jike humtambua mume wa aina yake kwa rangi hiyo. Maji yakiwa maangavu, kila mmoja anampata wake. Lakini maji yetu yamechafuka: mbolea na udongo kutoka mashambani na maji taka ya miji vimelisha mwani, mwani umeyafanya maji kuwa kama supu, na mwanga wa rangi haufiki chini. Jike hawezi tena kuchagua. Aina mbili zinaoana, vizazi vinachanganyika, na mahali palipokuwa na wawili anabaki mmoja wa rangi ya vumbi. Walithibitisha hayo kwenye matangi: chini ya taa nyeupe majike walichagua sawasawa, chini ya taa ya rangi moja wakashindwa. Aina inaweza kutoweka, kumbe, bila samaki hata mmoja kuuawa. Jinamizi kama hilo Sauper hakuliota, nalo halikuhitaji ndege.

Mmoja wa samaki hao wa majaribio anaitwa, kwa jina la kitaalamu, Pundamilia nyererei. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipong'atuka, akapewa jina lake kwa heshima. Dume wake ni mwekundu mgongoni na wa njano ubavuni. Jina la ukoo, Pundamilia, lilitolewa mwaka 1998 na ni Kiswahili kitupu. Ukoo mwingine wa furu wa mawe ukaitwa Mbipia, kutokana na mbipi, neno walilolichukua kwa wavuvi wa huku. Nimewauliza walimu wengi wa mkoa huu kama wanajua kwamba kuna samaki mwenye jina la Baba wa Taifa mbele ya nyumba zao. Aghalabu hucheka, wakidhani nawatania.

Hapo ndipo ninapogeuza kalamu kuelekea kwetu. Ubishi wa mwaka 2006 ulikuwa mkubwa, nami niliufuata magazetini na redioni. Tulibishana kama mapanki ni chakula cha watu au cha mifugo. Tulibishana kama ndege zilileta silaha, na nani alilipwa ili aseme nini. Katika yote niliyoyasoma na kuyasikia, furu hakutajwa. Filamu ilimsahau, na sisi tulioikasirikia filamu tukamsahau vilevile. Katika hilo tulikuwa wanafunzi watiifu wa Sauper. Tulikasirika kwamba ametuchafulia jina, na maji yakaendelea kuchafuka.

Nenda leo katika hoteli yoyote kandokando ya ziwa uagize samaki wa kienyeji. Utaletewa sato, na utaambiwa kwa fahari kwamba huyu ndiye samaki wetu wa asili, si sangara. La hasha. Sato naye ni mgeni, aliingizwa katika miaka ileile ya 1950. Mwenyeji alikuwa ngege, ambaye katika Ziwa Victoria lenyewe amekuwa adimu mno, akabaki zaidi katika vijiziwa vya pembeni kama Kanyaboli huko Kenya. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kikikaa sana tunakiita cha babu.

Mwanafunzi wangu, niliyemtaja mwanzoni, hakukubaliana nami kwa yote, na haki inanitaka niandike hoja yake. Alisema: "Mkuu, mimi nimesomeshwa na sangara. Baba alikuwa na mitumbwi miwili. Furu asingenifikisha kidato cha nne." Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli kwamba sangara alijenga nyumba za bati, alilipa karo, alileta viwanda ambavyo watu walivipigania kazi. Ni kweli pia kwamba mvuvi mdogo wa zamani alimkausha furu kwa jua la bure, ilhali sangara, kwa mafuta yake, anataka moshi na kuni, na vilima vya kandokando ya ziwa vinalieleza hilo kwa macho. Kisha, sangara mwenyewe amepungua, na wapo wanaomvua hasa kwa ajili ya bondo lake, ambalo likikaushwa huuzwa kwenda Asia kwa bei inayoiacha minofu mbali. Nilimwambia kwamba baba yake na furu wameonja adui mmoja, yaani kuvuliwa kwa haraka kuliko kuzaa. Alitikisa kichwa. Alisema hilo ni jibu la mwalimu, siyo la mvuvi.

Lakini alilonieleza baadaye lilinifurahisha. Baada ya sangara kuanza kuvuliwa sana, tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu walirudi, hasa wale wa maji ya katikati, na waliorudi si walewale kabisa. Aina moja iliyochunguzwa ilikuja na matamvua makubwa zaidi, yanayofaa maji yenye hewa haba, na imeanza kula viumbe wakubwa kuliko zamani. Ndani ya miongo michache tu! Palipo na miamba na maji ambayo bado yanapitisha mwanga, kama kisiwani Makobe, mwekundu na wa buluu bado wanaishi jirani bila kuchanganyana ovyo. Hao ndio ambao filamu ijayo, akitokea wa kuitengeneza, ingeanzia kwao, kwa kamera inayolowa.

Kwa sasa kitabu cha Goldschmidt hakipo kwenye rafu yangu. Mwanafunzi wangu amekiazima, anajaribu kukitia katika Kiswahili sura kwa sura kwa ajili ya darasa lake. Kila Jumamosi huniletea orodha ya maneno. Wavunja-konokono na wachokoa-konokono tulipatana upesi, na wala-magamba hawakutusumbua. Tumekwama kwa wale wanaomshambulia mama mwenye vitoto kinywani. Yeye anapendelea kuwaita wapora-vitoto. Mimi nasema wanyang'anya-kinywani, maana jina lionyeshe mahali kazi inapofanyika. Amesema atawapigisha kura wanafunzi wake wa kidato cha pili.